Somo: Pombe ya mtama mtupu, bila ndizi wala sukari



Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule wa bakteria unaoitwa BXW, ulionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu huko Masisi, mwaka 2001. Kutoka pale ulisambaa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na migomba ya pombe iliumia sana. Mama aliyekuwa anakamua kasiksi kila juma, leo anahesabu mikungu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wameanza kununua sukari dukani ili kuongeza nguvu ya maji ya ndizi kidogo waliyobaki nayo. Sukari ile inakula faida yote.

Kwa hiyo katika vikundi tunasikia swali moja mara nyingi: «Si tuko na mtama? Juu ya nini tusipike pombe ya mtama peke yake?» Inawezekana. Majirani zetu wa Rwanda wako na ikigage yao, na wa Burundi wako na impeke, zote za mtama. Lakini kwa mutu aliyezoea ndizi, kazi ya nafaka tupu ni kazi nyingine. Hata huko Ulaya na Marekani, watu wanaojifunza kupika bia nyumbani huanza na sharubati ya kimea iliyotengenezwa kiwandani, na wanaingia katika nafaka yenyewe baadaye tu. Somo hili ni kwa wale wanaotaka kujaribu mara ya kwanza.

1. Ndizi iko na sukari tayari, mtama hauna

Hii njo tofauti yenyewe, na mengine yote yanatoka hapa.

Ndizi ikiivishwa ndani ya shimo, inageuza wanga wake kuwa sukari yenyewe. Wewe unakamua tu, na chachu inapata chakula. Unga wa mtama unaotia ndani ya kasiksi unaleta rangi, ladha na mwanzo wa chachu, lakini mzigo wa sukari umebebwa na ndizi.

Punje ya mtama ni ghala lililofungwa. Ndani yake mna wanga (wengine wanasema amido), na chachu haiwezi kula wanga. Ukichanganya unga wa mtama na maji, ukatia levire na kungoja, utapata uji uliochacha, mchungu na bila nguvu. Ni lazima kwanza wanga ukatwe kuwa sukari.

Nani anaukata? Ni punje yenyewe. Mbegu ikianza kumea, inatengeneza vitu vinavyoitwa enzimi, ili kufungua ghala na kulisha mche mchanga. Tuziite mafundi wa mbegu. Mwaka 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, waliwatoa mafundi hawa ndani ya kimea cha shayiri. Ilikuwa enzimi ya kwanza kutambuliwa na sayansi. Lakini bibi zetu walikuwa wanawatumikisha zamani sana kabla ya hapo. Ndugu zetu wa Katanga nao wako na njia yao: wanatia mizizi ya munkoyo ndani ya uji wa mahindi, na uji unakuwa mwepesi na mtamu. Mizizi ile inaleta mafundi wa namna moja na hawa wa kimea.

Sisi tunaachilia mtama umee kidogo, tunaukausha wakati mafundi wako wengi, halafu tunawapa kazi ndani ya sufuria.

2. Kuchagua mtama

Tumia mtama wa mavuno ya karibuni, uliokauka vizuri na ambao haujaliwa na wadudu. Hesabu punje 100, zifunge ndani ya kitambaa kilicholowa, uziache siku 3. Zikimea 90 au zaidi, mtama ni mzuri. Zikimea chini ya 80, usijisumbue: punje ambazo hazimei zitaoza katikati ya zile zinazomea.

Angalisho kubwa. Mbegu zinazogawiwa na mashirika au kuuzwa na maduka ya kilimo mara nyingi zimepakwa dawa. Zinakuwa na rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu. Mbegu ile ni ya kupanda tu. Kuiosha hakuondoi sumu, na kuichemsha vilevile. Hata kama njaa iko nyumbani, usiile, usiifanye kimea, usiipe kuku.

3. Kumeesha mtama, siku kwa siku

*Siku ya kwanza.* Osha mtama mara 2 au 3, ukitoa makapi na punje zinazoelea. Uloweke ndani ya maji safi kwa saa 18 hadi 24. Mwaga maji na kutia mengine kila baada ya saa 6 au 8, na kila mara uache mtama bila maji kwa nusu saa. Punje inayoamka inapumua. Ikikaa muda mrefu ndani ya maji yaliyolala, inakufa na kunuka.

*Siku ya 2 hadi ya 5 au 6.* Chuja maji, tandaza mtama kwenye mkeka safi au shitingi safi, ndani ya nyumba, mahali pasipo na jua. Unene wa tabaka usipite sentimeta 5 hivi. Funika na majani safi ya mgomba au gunia lililooshwa. Asubuhi, mchana na jioni, nyunyiza maji kidogo na kugeuza kwa mikono safi. Ukisikia joto jingi ndani ya rundo, punguza unene.

Katika bonde la Ruzizi kuna joto, na siku 4 za kumea zinaweza kutosha. Kule juu Walungu au Kabare ni baridi zaidi, hesabu 5 au hata 6. Usitazame mzizi peke yake, sababu unatoka haraka. Ngojea chipukizi nalo lipite urefu wa punje.

Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa njano, ama ukisikia harufu ya kuoza, tupa mtama ule wote. Aina fulani za ukungu zinaacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Usiupe kuku wala nguruwe, uchimbie chini.

*Kukausha.* Tandaza mtama juani kwa tabaka jembamba, siku 2 au 3, ukiurudisha ndani jioni. Umekauka wakati punje inavunjika kwa meno na kutoa sauti.

Hapa wapishi wa kasiksi wako na mazoea ya kubadilisha. Kwa pombe ya ndizi, wengi wanakaanga mtama kwanza ili upate rangi na harufu nzuri. Kwa pombe ya mtama mtupu, kimea hakikaangwi. Kikaango kinaua mafundi wote, na unabaki na unga wenye harufu tamu lakini usiofanya kazi. Ukipenda ile ladha ya kukaanga, kaanga sehemu ya mtama usiomea, na kimea ukiache na jua tu.

*Kusugua na kupepeta.* Usiruke hatua hii. Mizizi na machipukizi ya mtama iko na kitu kinachotoa sianidi, sumu ileile ya muhogo mchungu. Wengi mmesikia habari ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango. Unapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Hatusemi kwamba pombe ya mtama inaleta konzo. Tunasema sumu ni moja, na dawa yake ni kazi ya mkono: sugua kimea kikavu kati ya viganja mpaka mizizi na machipukizi yakatike, halafu pepeta mpaka ibaki punje tupu. Takataka ile usiwape wanyama. Itie kwenye mbolea.

Kimea kikisuguliwa na kukauka vizuri kinaweza kukaa miezi kadhaa ndani ya mfuko mkavu, mbali na panya. Kisage karibu na siku ya kupika, unga usiwe laini sana.

4. Jaribio la mabakuli 3

Mbele ya kutia kilo nyingi motoni, jaribu kimea chako kwa kijiko kimoja. Fanyeni jaribio hili pamoja kwenye mkutano wa kikundi.

Pikeni uji mzito sana: kikombe 1 cha unga wa mahindi au wa mtama kwa vikombe 3 vya maji, mpaka mwiko usimame. Gawanyeni ndani ya mabakuli 3. Acheni upoe mpaka usitoe tena mvuke mwingi lakini uwe bado moto. Kisha tieni:

– bakuli la 1: kijiko 1 cha unga wa mtama wa kawaida, usiomea;
– bakuli la 2: kijiko 1 cha kimea kilichokaangwa;
– bakuli la 3: kijiko 1 cha kimea kilichokaushwa juani.

Korogeni kila bakuli na mwiko wake. Ngojeni dakika 10 hadi 15. Bakuli la 1 na la 2 zitabaki nzito. La 3, kama kimea ni kizuri, litakuwa jepesi sawa na mchuzi, na litaanza kuwa tamu. Kumbe hakuna maji yaliyoongezwa! Mafundi wamekata wanga.

Bakuli la 3 likibaki zito, kimea kile hakitatoa pombe. Kitumieni kwa kazi nyingine, na mwanzeni upya. Kijiko kimoja kinaokoa gunia zima.

Kina mama wenye watoto wadogo, angalieni hapa tena. Uji mzito uko na chakula kingi, lakini mtoto anashindwa kuumeza. Ukiongeza maji, tumbo linajaa bila chakula. Kijiko cha kimea kizuri, kilichosuguliwa na kupepetwa, kinalainisha uji mzito bila maji. Baada ya kulainika, uchemsheni tena dakika chache mbele ya kumpa mtoto. Uji huo hauna pombe hata kidogo.

5. Moto: rafiki na adui

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wanapotea.

Wanga wa mtama uko mgumu. Haufunguki vizuri mpaka joto lifike karibu digrii 70 au kupita. Lakini mafundi wa kimea wanafanya kazi nzuri kati ya digrii 60 na 68 hivi. Ukipita 75 wanakufa haraka. Ni kusema, moto unaofungua wanga njo moto unaoua mafundi. Ukichemsha kimea chote pamoja na unga tangu mwanzo, unapata uji mzito ambao hautageuka. Ukitumia maji ya vuguvugu tu, wanga unabaki umefungwa, na pombe inakuwa nyepesi.

Shayiri ya Wazungu haina shida hii kwa kiasi kikubwa, wanga wake unafunguka kwa joto la chini. Wao wanaweza kutia kimea chote ndani ya maji ya moto mara moja. Mwenye kuiga njia yao kwa mtama atavunjika moyo.

Suluhisho letu ni kutenganisha kazi mbili. Unga usiomea unachemka kwanza, peke yake, mpaka wanga ufunguke. Kimea kinangoja pembeni ndani ya maji baridi. Vikikutana, kimea baridi kinashusha joto la uji mpaka mahali panapofaa.

6. Kupika, kwa litri 12 hadi 14 za pombe

Tayarisheni:
– kilo 2 za unga wa mtama usiomea (au wa mahindi);
– kilo 3 za unga wa kimea, ukitenga nusu kilo kama akiba;
– sufuria kubwa ya litri 25 au zaidi, na beseni moja;
– mwiko mrefu, blanketi 2, kitambaa cha kuchujia;
– bido safi lenye mfuniko.

Msitumie fut au bido lililobeba dawa ya shamba, mafuta ya gari au mazuti, hata likioshwa mara ngapi.

*Hatua ya 1.* Chemsha litri 10 za maji. Koroga kilo 2 za unga usiomea ndani ya maji baridi kidogo yaliyotolewa katika zile litri 10, halafu mimina polepole ukikoroga ili usifanye mabonge. Pika dakika 40. Kumbukeni kwamba kule juu maji yanachemka mapema: Goma na Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kwa hiyo msiharakishe, uji uive kweli.

*Hatua ya 2.* Wakati uji unapikwa, changanya kilo 2 na nusu za kimea na litri 5 za maji baridi ndani ya beseni. Koroga mpaka kusiwe na unga mkavu.

*Hatua ya 3.* Toa sufuria kwenye moto kabisa, si kupunguza makala tu. Koroga uji dakika 5 hadi 10 ili joto kali litoke. Sasa mimina maji ya kimea kidogokidogo, mmoja akimimina, mwenzake akikoroga bila kusimama. Kwa vipimo hivi, mchanganyiko unaangukia karibu digrii 60 hadi 68. Msipime kwa kidole. Uji wa digrii 65 unaunguza na unanata kwenye ngozi. Kama kooperative inaweza kununua thamometa moja ya jikoni, inatosha kwa vikundi vyote.

*Hatua ya 4.* Funika, zungushia blanketi, na kuacha saa 2, mbali na upepo. Usiirudishe motoni. Baada ya dakika 20, funua na kukoroga: uji lazima uwe umeanza kuwa mwepesi. Kama bado ni mzito, pengine joto lilikuwa kali na mafundi wengi wamekufa. Hapa njo kazi ya akiba: ngoja joto lishuke kidogo, halafu koroga ile nusu kilo na maji baridi kidogo na kuitia.

*Hatua ya 5.* Baada ya saa 2, onja. Lazima iwe tamu waziwazi. Kwa kuhakikisha, teka kijiko cha maji ya juu yasiyo na unga, yamimine kwenye sahani nyeupe, yaache yapoe, halafu dondosha tone 1 la iode ya famasi. Rangi ikigeuka buluu nyeusi, wanga bado uko. Ngoja nusu saa tena. Ikibaki na rangi ya iode yenyewe, kahawia au njano, kazi imekwisha. Kwa mtama mwekundu, ongeza maji kidogo kwenye sahani ili uone rangi vizuri. Maji yale ya sahani yatupwe, hayanyweki.

*Hatua ya 6.* Chuja. Shayiri iko na maganda yanayobaki chini na kufanya chujio lenyewe. Mtama hauna maganda ya namna ile, unaziba haraka. Kwa hiyo chuja kidogokidogo ndani ya kitambaa, na kukamua watu wawili. Mwagia machicha litri 4 za maji ya moto na kukamua tena, sababu sukari nyingi bado imejificha mule. Machicha (wengine wanaita dreshi) ni chakula kizuri cha nguruwe na kuku, wapewe siku ileile au kesho yake, mbele hayajachacha.

*Hatua ya 7.* Chemsha maji matamu kwa dakika 45, sufuria ikiwa wazi. Moto huu unaua vidudu vya uchachu na kutoa mabaki ya ile sumu ya chipukizi pamoja na mvuke. Mafundi nao wanakufa, lakini kazi yao imekwisha.

*Hatua ya 8.* Funika na kuacha mpaka yawe vuguvugu, yasiyounguza mkono. Mimina ndani ya bido lililooshwa kwa maji ya moto, usilijaze mpaka juu. Tia kijiko kidogo 1 cha levire kavu ya mkate. Mfuniko ulegezwe ili hewa itoke. Bido lililofungwa kabisa linavimba na kupasuka. Siku ya kwanza pombe ni tamu, ya pili na ya tatu inakuwa kali. Mahali pa baridi ongeza siku 1. Ikishaiva inywewe ndani ya siku 2 au 3. Pombe hii iko hai, kwa hiyo msiitie kwenye chupa zilizofungwa.

7. Ikienda vibaya, tafuteni wapi?

– *Haikuwa tamu baada ya saa 2:* kimea kilikaangwa, au kilikutana na uji unaochemka, au mtama haukumea vizuri. Jaribio la mabakuli 3 litawaonyesha.
– *Ilikuwa tamu, lakini haikuchemka ndani ya bido:* levire ni ya zamani, au ilitiwa wakati maji yalikuwa moto sana.
– *Imekuwa siki:* vyombo havikuwa safi, au maji matamu yalikaa usiku kucha mbele ya kuchemshwa.
– *Uji umeshika chini na kunuka moshi:* moto mkali na mwiko uliopumzika. Harufu ile haitoki tena.

Andikeni ndani ya kitabu cha kikundi: tarehe, kilo, siku za kumea, saa za kupika, na namna pombe ilivyotoka. Mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja tu kwa mara moja. Mkibadilisha vitatu, hamtajua kipi kilisaidia.

8. Magunia 3

Tunafika kwenye neno ambalo wengine hawapendi kulisikia kutoka kwa maagronomu. Ndizi ya pombe haikuwa chakula kikubwa cha nyumba. Mtama ni chakula. Kila kilo inayoingia ndani ya bido imetoka kwenye sahani ya mtu. Pombe ya mtama inaweza kuleta karo ya shule na chumvi, na inaweza pia kuleta njaa mbele ya mavuno mapya.

Kwa hiyo, siku ya mavuno, kila nyumba itenge magunia 3: la mbegu, la kula, la kuuza. Gunia la mbegu lifungwe la kwanza, na mama na baba wote wawili wakiwa pale. Gunia la kula lihesabiwe mpaka mwezi wa mavuno yanayofuata. Kimea kitoke kwenye gunia la 3 peke yake. Likiisha, bido lipumzike.

Hesabuni na kuni pia. Kazi hii inachemsha mara mbili, na kuni au makala si bure, hata kama mtoto njo anayezileta. Tumieni jiko lililoboreshwa, na pikeni pamoja kama kikundi badala ya kila nyumba kuwasha moto wake. Wekeni kwenye hesabu bei ya mtama, ya kusaga, ya kuni, ya levire, na siku za kazi za kina mama. Baadaye tu ndipo muulize kama kuna faida. Vikundi vingine vitaona kwamba kuuza kimea kizuri, kilichopepetwa, kwa wapishi wengine na kwa kina mama wa uji, ni kazi nyepesi kuliko kuuza pombe yenyewe.

Na pombe ni pombe. Si ya watoto, si ya mama mwenye mimba, si ya mtu anayekwenda kushika panga shambani.

Maswali ya kujadili ndani ya kikundi

1. Juu ya nini kimea cha pombe ya mtama kisikaangwe?
2. Kwa nini unga usiomea unapikwa kwanza, na kimea kinangoja ndani ya maji baridi?
3. Nani ndani ya kikundi yuko na mbegu zenye rangi ya dawa nyumbani? Zimewekwa wapi, na watoto wanafika pale?
4. Mwaka huu, gunia la 3 la kila nyumba liko na kilo ngapi kweli?

Mbele ya mkutano unaokuja, kila kikundi kimeeshe kilo 1 ya mtama tu, kiisugue na kuipepeta, halafu kilete kikombe cha unga wake. Tutapika uji mmoja na kupanga mabakuli kwenye meza, kila bakuli na jina la kikundi chake. Uji utatuambia kikundi gani kiko tayari kuwasha moto.